Kukonda kwa Mume wa Mama Lishe

Nina banda la chakula Newala, hatua chache kutoka stendi, na nina mume fundi cherehani ambaye kibaraza chake kinatazamana na mafiga yangu. Wateja huniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, ambalo sitaliandika hapa kwa sababu mwenyewe ni mtumishi wa serikali katika mkoa mwingine na hapendi kuhusishwa na mambo ya masufuria. Nitakachoeleza ni jinsi mume wangu alivyokonda, na jinsi watu wenye akili zao timamu, mimi nikiwa mstari wa mbele, tulivyohakikisha ananenepa tena.

Kwanza ieleweke kwamba mume wa mama lishe hana mwili wake peke yake. Wenzangu huandika vyakula vya siku kwa chaki ubaoni. Mimi nilimweka mume wangu mbele ya cherehani. Alikuwa na kitambi cha heshima, kile kinachotangulia kuingia mlangoni, na shingo yenye mikunjo miwili. Abiria walikuwa wakishuka, wanamwangalia, wanamwuliza anakula wapi, halafu wanavuka barabara. Kizuri chajiuza, na mimi sikuwahi kulipia tangazo.

Mwenyewe alijua habari za viuno kuliko mganga yeyote. Msimu wa korosho ukifunguliwa na watu wakaanza kushika fedha, wanaume wa Newala walimletea suruali ziachiwe kiunoni. Alikuwa na desturi ya kubakiza vidole viwili vya kitambaa ndani ya mshono wa nyuma wa kila suruali aliyoshona, maana alijua mwenye suruali atarudi. Miezi ya masika, chakula kikipungua majumbani, suruali zile zile zilining'inia, lakini hakuna mwanamume aliyeleta yake ipunguzwe. Walikaza mkanda na kutembea huku wameshika mfuko.

Na mimi ndiye niliyekuwa nikiviongeza viuno hivyo. Asubuhi supu na chapati zinazochuruzika mafuta, mchana wali wa nazi, jioni wali uliobaki umekaangwa, na soda ya kuteremshia. Ugali wa mtama sikuupika kabisa, kwa kuwa siku hizi mtama ni chakula cha kuku na cha watu ambao mikorosho yao imekataa kuzaa. Mbaazi tunalima kwa magunia, tunazipakia kwenye malori ziende kuliwa na watu tusiowajua, kisha tunakwenda dukani kununua biskuti. Mteja akiagiza mbaazi na mchicha bila wali nilikuwa namwuliza kama anaumwa au amefiwa.

Mchana mmoja mume wangu alivuka barabara kuja kula, akakaa kwenye benchi, akanyoosha mguu. Nilipoinama kuokota mwiko nikaona kitu kinameta chini ya ndala yake. Ilikuwa pini, ya kwake mwenyewe ya kubania vitambaa, imepita kwenye ndala na kuzama unyayoni. Nilimwuliza kama haimuumi. Akauliza nini. Niliichomoa, damu ikatoka, naye akaendelea kuulizia pilipili. Niliogopa, na sioni haya kusema, kwa sababu mtu asiyehisi pini leo hatahisi moto kesho.

Nesi wa zahanati tuliyokwenda alikuwa mwanamke mwembamba, mgeni kutoka mikoa ya kaskazini, asiyependa utani. Alimtoboa kidole, akasoma kipimo, akapima tena. Kisha akatueleza kwa Kiswahili kinachoeleweka. Wanga wote tunaokula, uwe wali, chapati au muhogo, mwilini hugeuka sukari. Sukari hiyo inatakiwa iingie kwenye misuli ikawe nguvu. Lakini kwa mtu aliyekaa kitini miaka mingi, na mafuta yamemjaa tumboni, mwili unakuwa mkaidi na haufungui mlango. Basi sukari inabaki inazunguka kwenye damu, mwaka baada ya mwaka, ikila mishipa midogo kimya kimya, ya macho, ya figo, ya miguu.

"Mguu huu umeanza kufa ganzi," alisema. "Na fundi cherehani anakula kwa macho na miguu. Amueni wenyewe."

"Dawa hakuna?" mume wangu akauliza.

"Vidonge vipo, na utavimeza. Lakini kidonge hakiwezi kushindana na sahani."

Akamwagiza ale ugali wa mtama au wa dona usiozidi ngumi yake, na mbaazi au kunde au samaki, na mboga za majani zijaze nusu ya sahani. Soda ndiyo basi. Atembee kila siku, avae viatu vya kufunika visivyobana, na kila jioni akague nyayo zake. Mume wangu akaitazama ngumi yake, akaitazama ya mlinzi aliyesimama mlangoni, akauliza kama ni lazima iwe ngumi ya mgonjwa mwenyewe. Nesi aliandika tarehe ya kurudi.

Mama yangu mzazi, anayeishi Chilangala, alifurahi kusikia hayo. Kwa miaka mingi amekuwa akisema kwamba wali umetuharibu, na kwamba wazee waliishi kwa muhogo na ming'oko, vile viazi vya porini tunavyochimba kiangazi, wakafa wakiwa na meno yao yote. Akatuletea muhogo nusu gunia. Nesi akasema muhogo nao ni wanga vile vile, na wazee walioula walikuwa wakilima kutwa kwa jembe la mkono, hawakuwa wakikaa kukanyaga cherehani. Mama aliudhika, akasema mtu ambaye hakuzaliwa huku hawezi kuuelewa muhogo. Nikabaki na nusu gunia na amri mbili zinazopingana.

Nikaanza kupika vyungu viwili. Kikubwa cha biashara, na kidogo cha mume wangu, ambacho nilikificha nyuma ya ndoo za maji ili wateja wasikione. Mwezi wa kwanza alikuwa mtu wa kununa, akila kwa uso wa mtu anayesaini kukubali kosa. Mwezi wa pili akazoea. Wa tatu akaanza kusifia kunde. Kila asubuhi kabla ya kufungua kibaraza alitembea mpaka shambani kwetu na kurudi, ukungu wa Newala ukiwa bado haujainuka, na siku moja nikamwona anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe, bila kuniita. Nesi alipompima alitabasamu, jambo ambalo hatukujua kwamba analiweza.

Kitambi kikaisha. Mume wangu akachukua suruali zake zote, akakaa nazo kibarazani mchana kweupe, akazipunguza kiuno moja baada ya nyingine huku kila mpita njia anaona. Hapo ndipo tulipokosea.

Maneno yalianza wiki ile ile. Kundi la kwanza lilisema namnyima chakula ili niuze. Kundi la pili lilisema ana ugonjwa ule ambao watu wakiutaja hupunguza sauti, na wakaanza kuniangalia mimi pia, kuanzia shingoni. La tatu lilisema ametupiwa kitu na fundi mwenzake, wakanielekeza kwa mtaalamu wa kukitoa. Kwamba mtu anaweza kukonda kwa sababu anakula vizuri, hilo halikumwingia yeyote akilini. Nilipojaribu kueleza habari ya sukari, waliitikia kwa huruma ile ya kumwitikia mtu anayesingizia malaria.

Kisha wateja wakapungua. Mwalimu mmoja wa sekondari, mtu wa Iringa, alikuwa akila kwangu kila siku ya kazi tangu ahamie. Siku hiyo alimaliza wali wake, akamtazama mume wangu ng'ambo ya barabara, akaniambia kwa upole, "Mama, kama yule unayempikia kwa mapenzi yuko hivi, sisi tunaolipa itakuwaje?" Kesho yake alikuwa anakula kwa jirani yangu, ambaye mume wake alikuwa hawezi kufunga kamba za viatu mwenyewe. Wengine wakamfuata. Nilikuwa na sufuria la wali linapoa na mume mzima wa afya, na vyote viwili vilikuwa havinunuliki.

Nilipata mwaliko wa semina ya lishe bora kwa sisi wapishi wa mitaani, nikaenda nikiwa na tumaini kwamba huko nitapata wa kunitetea. Mwezeshaji alitueleza hatari za sukari na mafuta kwa saa mbili, akipumua kwa shida kila alipofika mwisho wa sentensi. Halafu tukapewa chai ya maziwa, maandazi mawili, sambusa na soda. Nilinyoosha mkono nikauliza kama kuna mbaazi. Washiriki wote walicheka, na mwezeshaji akaandika kwamba semina ilikuwa na uchangamfu.

Habari zikafika Lukuledi, kwa ndugu wa mume wangu. Asiye wa huku anapaswa kujua kwamba kwetu, kwa mila, mwanamume akioa huhamia kwa mke, na mwenye sauti juu yake hubaki kuwa mjomba wake, ndugu wa mama yake. Kwa hiyo mume ni kama jembe la kuazima. Likipungua makali, mwenyewe anakuja kuuliza umelilimia wapi.

Mjomba alikuja Jumapili pamoja na mama mkwe wangu. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu mnene, mwenye kofia ya pama na daftari, na hawezi kunywa hata maji bila ajenda. Upande wetu alikuwepo mama yangu na mjomba wangu mimi, ambaye huafiki kila kikao chenye nyama. Niliwasalimu kwa magoti. "Shikamoo mjomba, shikamoo mama." Mjomba akaitikia marahaba akiwa ameshafungua daftari.

"Ajenda ya kwanza, kufungua kikao," alisema. "Ajenda ya pili, kukonda kwa mtoto wetu. Ya tatu, mengineyo. Kikao kimefunguliwa. Mkwe wangu, sisi tulikukabidhi mtu. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mjomba."

"Alikuwa na ukubwa gani?"

"Mkubwa, mjomba."

"Aandikwe mkubwa. Na huyu aliyekaa hapa ni nani?"

Mume wangu akaanza kueleza mwenyewe, taratibu, pini, nesi, damu, macho. Mjomba alimsikiliza kama alivyokuwa akiwasikiliza watoto wasiofanya kazi ya nyumbani.

"Mpwa wangu," alisema, "sukari ni ugonjwa wa wakubwa. Mawaziri wanaumwa sukari. Wewe una cherehani moja. Umeitoa wapi?"

"Mwilini, mjomba. Nimepimwa."

"Nesi mwenyewe umemtazama? Mwembamba vile ataona ubaya gani wa kukonda?" Mjomba wangu aliafiki, ingawa nyama ilikuwa haijaletwa. Mama yangu akasema tatizo ni kwamba muhogo haukupewa nafasi, na hakuna aliyemwandika.

Wakati huo mama mkwe alikuwa ameinuka. Alizunguka jikoni, akasogeza ndoo za maji, akafunua chungu kidogo. Ndani yake mlikuwa na ugali wa mtama wa ukubwa wa ngumi ya fundi, na kando bakuli la mbaazi na majani ya kunde yasiyo na nazi. Akaurudisha mfuniko polepole. Alirudi uani, akakaa, akalia bila sauti, machozi yakimdondokea kwenye kitenge.

"Hata mwaka ule wa njaa," aliniambia, "mwanangu sikumlisha hivi."

Ningeweza kumjibu. Nilikuwa na majibu mengi, na wanaonijua wanajua kwamba ulimi wangu haukai mfukoni. Ningemwambia mwanawe sasa anaona sindano. Ningemwambia miguu yake iliyokufa ganzi imeanza kuchoma, na nesi amesema kuchoma ni dalili ya uhai. Lakini nilisikia aibu ikinipanda kuanzia magotini. Watu wa nyumba za jirani walikuwa wamesimama kwenye ua, na mimi ni mpishi, sina cheo kingine duniani. Nikaenda nyuma ya banda, nikawakamata kuku wawili, nikapika pilau.

Nilipika pilau ambayo sijawahi kupika tena. Nilimjazia mume wangu sahani mbele ya kikao kizima, na soda nikaifungua mwenyewe. Aliitazama sahani, halafu akanitazama mimi, muda mrefu kidogo. Kisha akanawa mikono akala. Alipomaliza nikamwongeza, akala na hiyo. Mjomba alifunga daftari, akasema kikao kimeridhika, na kwamba katika mengineyo angependa apewe ukoko.

Nilijiambia ni ya siku moja tu, ya kuwapitisha wageni. Lakini Jumatatu jirani walikuwa wanatazama, na Jumanne nilimwambia, "Kula mbele kidogo tu, wakuone, ndani utakula chako." Akala mbele. Ndani hakula chake, maana alikuwa ameshiba. Nikamsogezea meza mpaka ukingo wa barabara. Kila mchana sahani ya wali, nyama, soda, na yeye akimsalimu kila anayepita kwa mkono wenye mafuta. Vidonge alikuwa akimeza. Tarehe ya nesi ilipofika tulikuwa na wageni, na iliyofuata tulikuwa na msiba, na baada ya hapo nikaacha kuiangalia karatasi.

Alinenepa haraka, kama ndama aliyefunguliwa kwenye shamba la watu. Mwalimu wa Iringa akarudi. Wengine wakamfuata kurudi kama walivyomfuata kuondoka. Jirani yangu akaanza kusema kwamba nimekwenda kwa mtaalamu, na mimi sikukanusha, kwa kuwa masufuria yalikuwa yanaisha kabla ya saa nane. Mjomba alipita kukagua, akafurahi, akamletea mpwa wake zawadi ya viatu vya ngozi vyeusi vyenye ncha, viatu vya mtu mwenye mwili wake, kama alivyosema. Vilikuwa vinabana. Mume wangu alivivaa kila siku, na hakulalamika hata mara moja, kwa sababu alikuwa hahisi kitu.

Ni mimi niliyeiona soksi. Nilikuwa nafua Jumamosi asubuhi, na soksi ya kushoto ilikuwa imekauka kwenye vidole na inanuka. Nilimwita, nikamwambia avue. Kidole kidogo na cha pembeni yake vilikuwa vimegeuka rangi, na katikati mlikuwa na kidonda kinachoingia ndani. Yeye mwenyewe aliinama kutazama, lakini kitambi kilimzuia. Ilibidi nimweleze kilivyo.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tulisikia la mkuu neno kwa neno, likaandikwa hadi kwenye daftari, na guu ndilo hilo.

Zahanati walituandikia barua ya kwenda hospitali kubwa, safari ya kupitia Masasi. Tulishuka Masasi kubadilisha gari, chini ya yale majabali yanayouzunguka mji, na mjomba na mama mkwe walikuwa wametangulia kutoka Lukuledi kutungoja. Mama mkwe alikuwa amebeba pole ya mgonjwa. Ilikuwa kilo mbili za sukari, mkate na soda nne. Nilivipokea kwa mikono miwili, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, nikavitia chini ya kiti cha gari na kuviacha humo.

Daktari alikuwa kijana, mwenye macho ya kukosa usingizi. Alisoma kadi ya zahanati, akasoma kipimo kipya, akaviweka kimoja juu ya kingine.

"Mzee wangu, miezi michache nyuma ulikuwa unaendelea vizuri sana. Uzito umeshuka, sukari imeshuka. Halafu ghafla vyote vimepanda. Kulitokea nini?"

Chumba kilikuwa kidogo. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake, mama mkwe ameketi kitandani, mimi nimeshika mfuko wa nguo. Mume wangu hakunitazama.

"Ni mimi tu, daktari," alisema. "Ulafi. Nilishindwa kujizuia."

"Nyumbani hakukuwa na wa kukukumbusha?"

"Mke wangu alinikatazia sana. Sikumsikia."

Nimeishi na mwanamume huyu miaka ishirini na kitu na sijawahi kumwona mlafi. Ni mtu wa kumega tonge na kusahau kulipeleka mdomoni kwa kuwaza mshono. Nilisikia mama mkwe akiguna kukubaliana, akisema kweli tangu utotoni alikuwa anapenda kula, maskini, na nikaona kwamba jambo limeisha. Jina langu lilikuwa salama. Nilikuwa mke mwema aliyepuuzwa, na ilinibidi tu ninyamaze.

"Anadanganya," nikasema.

Daktari akainua macho.

"Nilimwekea mimi. Kila mchana, kwa mkono wangu, nje barabarani watu wamwone. Walisema namkondesha, wateja wakakimbia, ndugu zake wakanifanyia kikao. Nikaona heri anenepe. Nilijua. Nesi alitueleza, nilielewa kila neno, na nikamwekea."

 Sikulia pale, nililia baadaye, chooni, na sauti ikasikika. Daktari aliandika mstari mmoja kwenye faili, akatueleza kwamba vidole viwili vitaondoka na atajitahidi kuokoa mguu. Mjomba alikuwa ameigeuza kofia mikononi mwake mara nyingi. Daktari alipotoka, mjomba alimfuata kwenye ujia, na nikamsikia akimwuliza, kwa sauti ya mtu anayemuulizia jirani yake, kama kipimo kile hupimwa na watu ambao hawajaumwa.

Mguu uliokolewa. Sasa mume wangu anakanyaga cherehani kwa mguu wa kulia zaidi, na wa kushoto unasindikiza, umevaa raba pana isiyo na sura. Amekonda tena, pengine kuliko mara ya kwanza. Chungu kidogo kimetoka nyuma ya ndoo na kukaa mbele, na nakiuzia wanaokitaka, ambao si wengi: nesi, mlinzi wa zahanati, na Jumapili moja moja mwanamume mmoja mstaafu kutoka Lukuledi, ambaye husema amepita tu. Mwalimu wa Iringa yuko kwa jirani. Abiria wakishuka na kuniuliza, mama, yule mumeo mbona amekonda hivyo, nawajibu kwamba ni mimi ninayemkondesha na nawakaribisha waketi. Baadhi huketi.

Juzi tulikuwa tunachambua mbaazi wawili, biashara imelala, nikamwuliza jambo ambalo nilikuwa naliogopa. Kwa nini hakukataa hata sahani moja. Angesema hapana mara moja tu, ningeacha. Hata angenigombeza ingetosha.

 Akatoa jiwe, akalitupa.

"Wateja walikuwa wamerudi," alisema. "Ulikuwa unaimba jikoni."

Sikuwa nikijua kwamba huwa naimba.